Kijitabu cha kesi za kura cha Wandegeya: kinunueni, ila daini ramani

Kikundi chetu cha masomo ya sheria pale Kansanga, Kampala, Watanzania, Wakongo na Wakenya wawili watatu, kimeniuliza mara nyingi kama kile kijitabu cha jalada la kijani kinafaa. Nasema cha kesi za kanuni za uchaguzi zilizobagua watu kwa rangi, kile kinachouzwa kwenye maduka ya fotokopi Wandegeya kwa shilingi 15,000. Kinafaa. Hakina jina la mwandishi, karatasi ni nyepesi na waya wa plastiki unafunguka ukikibana kwenye mkoba, lakini aliyekiandika alijua anachofanya.

Vijitabu vya kujiandalia mtihani hukomea pale hukumu inaposomwa: nani kashinda, kanuni ni ipi, twende kesi nyingine. Hiki kinamfuata mpiga kura hadi kituoni kuona kama alipewa karatasi. Chukueni jimbo la Oklahoma, Marekani. Jimbo liliweka mtihani wa kusoma kwa wapiga kura, kisha likawasamehe wote ambao wao au babu zao walikuwa na haki ya kupiga kura tarehe 1 Januari 1866. Watumwa walikuwa ndiyo kwanza wameachiwa na kura walikuwa hawajapewa, kwa hiyo msamaha huo ulikuwa wa Wazungu karibu watupu, ingawa neno rangi halimo. Mwaka 1915 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta kanuni hiyo katika Guinn dhidi ya Marekani. Mhadhiri wangu aliishia hapo. Kijitabu kinaendelea hadi 1916, jimbo lilipotunga sheria nyingine: aliyepiga kura 1914 ahesabiwe kuwa ameandikishwa, na waliobaki wapewe siku 12, kuanzia 30 Aprili hadi 11 Mei. Ukizikosa, umekosa maisha. Sheria hiyo ilianguka mwaka 1939, kwenye Lane dhidi ya Wilson.

Sura ya Texas ndiyo iliyonifanya nisilale. Daktari Lawrence Nixon wa El Paso, mtu mweusi, alikataliwa mwaka 1924 kupiga kura ya mchujo ya chama cha Democratic, kwa sababu sheria ya jimbo ilisema mchujo ni wa Wazungu. (Sisi wenye majimbo ambako ukishapita mchujo wa chama umeshaingia bungeni hatuhitaji kuelezwa uzito wake.) Alishtaki hadi Mahakama ya Juu, akashinda 1927. Jimbo likafuta kifungu hicho na kuiachia kamati ya chama iamue nani apige kura. Kamati ikaamua vilevile. Akarudi mahakamani, akashinda tena 1932. Safari hii mkutano mkuu wa chama ukajiamulia wenyewe, bila sheria ya jimbo nyuma yake, na mwaka 1935, katika kesi ya mtu mwingine, majaji wote wakakubali: chama ni jumuiya ya watu binafsi, kinachagua wanachama wake. Yaani mtu ana hukumu mbili za mahakama ya juu kabisa nchini mkononi, na mlango bado umefungwa. Uamuzi huo ulipinduliwa 1944 katika Smith dhidi ya Allwright, kesi ya daktari wa meno wa Houston iliyotetewa na wakili Thurgood Marshall. Nixon alipiga kura yake ya mchujo mwaka huohuo, miaka 20 baada ya kufukuzwa mara ya kwanza. Kijitabu kimempa kurasa saba, na hakuna sentensi ningeipunguza.

Sasa lawama. Ukurasa wa Gomillion dhidi ya Lightfoot, kesi ya 1960, una ramani ya mji wa Tuskegee, Alabama. Mji ulikuwa mraba. Mwaka 1957 wabunge wa jimbo wakauchora upya ukawa na pande 28, na kati ya wapiga kura weusi wapatao 400 wakabaki ndani wanne au watano, wakati hakuna Mzungu hata mmoja aliyetolewa. Ramani ndiyo ushahidi wenyewe. Kwenye nakala yangu ni doa jeusi. Niliporudi dukani, kijana wa mashine akaniambia, “Nnyabo (yaani mama), hiyo ni ramani tu, si ya kusoma.” Nilibaki nimesimama mpaka akatafuta nakala mama na kunitolea upya, kwa shilingi 200 zangu mwenyewe! Fungueni ukurasa huo kabla hamjalipa.

Sehemu ya Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965 imeelezwa upesi lakini inaeleweka, hasa ile kanuni ya majimbo yenye historia mbaya kuomba kibali Washington kabla ya kugusa utaratibu wa kura. Inaishia 2013, kesi ya Shelby County ilipoua orodha ya majimbo hayo. Allen dhidi ya Milligan ya 2023, ambapo Alabama ilishindwa kuhusu mipaka ya majimbo ya ubunge, haimo. Nimeiandika mwenyewe nyuma ya jalada.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Afrika imepata ukurasa mmoja tu: Afrika Kusini, kesi ya Harris ya 1952, na jinsi serikali iliposhindwa ilivyoongeza maseneta kutoka 48 hadi 89 ili ipate theluthi mbili ya kuwaondoa Machotara kwenye daftari la wapiga kura. Ukurasa mzuri, ila Entebbe je? Baraza la Kutunga Sheria la Uganda ya wakoloni lilianza 1921, Mwafrika wa kwanza akaingia 1945. Na kura tatu za Tanganyika, mpiga kura alipolazimishwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja? TANU walibishana juu yake Tabora Januari 1958, wakaamua kuingia na kuwashinda wenye kanuni kwa kanuni yao. Wenzangu wa Mwanza wanalijua hilo tangu shule ya msingi, kisha wanasoma kijitabu kinachowafanya waone ubaguzi wa kura ni mambo ya Alabama.

Mkienda, ombeni nakala ya kijani iliyofungwa kwa waya. Ya bluu, iliyobanwa kwa pini, ni shilingi 8,000, lakini imekata sura ya Texas.