Leza, puto au drili? Uzoefu wangu na mishipa ya moyo iliyoziba kwa muda mrefu

Leza haitafuti njia. Nalisema mapema kwa sababu wengi huiulizia kana kwamba ndiyo inayotoboa mshipa wa moyo ulioziba kabisa kwa miezi 3 au zaidi. Kinachotoboa ni waya wa inchi 0.014, nyuma yake ukiegemea katheta ndogo, yaani mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa. Miaka ya 1990 ulijaribiwa waya wenye leza nchani, lakini uliposhindanishwa na waya wa kawaida haukuonyesha tofauti ya maana.

Leza naithamini pale waya umeshapita na puto la kupanua mshipa linagoma kupita. Hata hapo siikimbilii. Kwanza natumia puto la milimita 1.0, katheta kuu ikiwa imekaa imara. Likikwama naongeza katheta ya kurefusha, au natia nanga kwa kuvimbisha puto jingine kwenye tawi la kando. Mara nyingi kazi huishia hapo, kwa vifaa vya kawaida kabisa.

Puto likizidi kugoma, leza ina faida moja kubwa: katheta yake ya milimita 0.9 inapita juu ya waya uleule. Drili, yaani kichwa kinachozunguka kwa kasi na kusaga kizibo, inadai waya wake wa inchi 0.009, na kama hata katheta ndogo haipiti, utabadilishaje waya bila kupoteza njia uliyoihangaikia?

Ninaanza na milijuli 60 kwa milimita ya mraba, mapigo 40 kwa sekunde, kisha napandisha taratibu hadi 80 na 80. Nafyatua kwa sekunde 10, napumzika 5, na katheta inasogea nusu milimita kwa sekunde. Ukisukuma kwa pupa, mwanga haupati muda wa kuyeyusha kizibo. Unakuwa unasukuma kijiti butu.

Kinacholeta maafa zaidi ni rangi ya eksirei, ile inayodungwa ili mishipa ionekane kwenye picha. Rangi na damu hufyonza nguvu ya leza, vinatokea viputo vinavyopasuka kwa kishindo, na ukuta wa mshipa unachanika. Kwa hiyo kabla ya kufyatua, badilisha bomba la sindano na usafishe mirija yote kwa maji ya chumvi, kisha endelea kuyatiririsha muda wote leza inapofanya kazi. Rangi kidogo iliyobaki kwenye kiungo cha mrija unatosha kuharibu kila kitu. Sipendi kuona hatua hii ikiharakishwa.

Kwenye chokaa nzito iliyojijenga ndani ya mshipa leza inanivunja moyo. Inalegeza kizibo chenye nyuzinyuzi, ila chokaa ngumu haiisumbui sana. Hapo drili ndiyo mwenyewe: kichwa cha milimita 1.25 chenye vumbi la almasi, mizunguko 135,000 hadi 180,000 kwa dakika, kila mpito usizidi sekunde 20. Mizunguko ikishuka kwa zaidi ya 5,000, rudi nyuma, usikandamize. Vifaa hivi viwili vinasaidiana pia: leza ifungue upenyo, katheta ndogo ipite, waya ubadilishwe, drili imalizie.

Kama waya umepita ndani ya tabaka za ukuta badala ya tundu la asili, naiogopa drili, na leza naitumia kwa hadhari kubwa. Mshipa ukitoboka, usichomoe waya: vimbisha puto mahali palipotoboka kuzuia damu, piga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na stenti yenye kifuniko, yaani kimirija cha wavu wa chuma kilichofunikwa ili kuziba palipotoboka, iwe tayari mezani.