Geji ya joto la oili ya VDO kwenye Porsche 911 SC: uzoefu wangu

Geji yenyewe ni ya chapa ya VDO, ya kipenyo cha milimita 52, inayosoma nyuzi 50 hadi 150 za Selsiasi. Imekaa kwenye 911 SC yangu ya 1980 hapa Nairobi muda wa kutosha niweze kuisifu na kuilalamikia. Naanza na sifa: inasema ukweli. Ila ukiinunua bila sensa (kifaa kinachokaa kwenye oili na kuipa geji habari za joto) inayoendana nayo, umenunua pambo la dashibodi.

Kwa wasiolijua gari hili, injini yake haina maji. Inapozwa na hewa na oili, na oili yenyewe ni nyingi, lita 13 hivi, nyingine ikiwa kwenye tangi lake nje ya injini. Hakuna rejeta ya maji, kwa hiyo habari zote za joto unazipata kwenye sindano moja ya oili. Sindano hiyo ya asili imegawana kioo na ya presha, na kwenye gari langu haina hata namba moja. Kuna vistari vyeupe, halafu eneo jekundu. Ikisimama katikati, ni nyuzi 90 au 110? Bahatisha mwenyewe.

Watu huniambia nina wasiwasi wa bure, kwamba hili ni gari la Safari. Ni kweli, mwaka 1978 Vic Preston Jr. alimaliza wa pili kwenye Safari Rally akiendesha 911 SC. Lakini Preston hakuwa amekwama kwenye foleni ya Westlands, Nairobi, saa kumi na mbili jioni. Kipoza oili cha mbele kiko ndani ya fenda ya kulia, na kwenye gari langu hakina feni, kinategemea upepo wa mwendo. Feni ya injini nayo inazungushwa na mkanda kutoka kwenye injini, hivyo gari likisimama huku injini inazunguka polepole, hewa inayopita ni kidogo. Ongeza na mwinuko wetu wa mita 1,700 hivi, ambako hewa ni nyepesi na haibebi joto vizuri kama ile ya Mombasa.

Kabla ya kufunga chochote tuliipima kwenye gereji. Fundi wangu alitia maji kwenye sufuria, akaiweka kwenye jiko, akaitumbukiza ncha ya sensa pamoja na kipimajoto, akaunganisha geji na betri. Maji yalipochemka kabisa sindano ikasimama nywele moja chini ya 95. Nilitaka kulalamika. Akaniwahi, “Mzee, hapa Nairobi maji hayafiki mia.” Kipimajoto nacho kilikuwa pale pale, kwenye 94. Huku juu maji huchemka mapema, na anayepima geji kwa kudhani ni nyuzi 100 ataishia kurekebisha kitu kisicho na kasoro.

Kufunga kulihitaji akili kidogo. Sensa moja ya kawaida haiwezi kuhudumia geji mbili, zote zitasema uongo, na mimi sikutaka kuiua ile ya asili. Kwa hiyo mkerezaji alitutengenezea kiungo cha chuma cha kuingia kwenye bomba la oili inayotoka kwenye injini kurudi tangini, sensa ikafungwa hapo. Tukawasha, sindano haikusogea. Sababu ni kwamba sensa ya namna hii hupata eathi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari, kupitia nyuzi za skrubu yake. Ikiwa kwenye injini hakuna shida, lakini kiungo chetu kilikuwa kati ya hosi mbili za mpira. Waya mmoja kutoka kwenye kiungo hadi bodi, na geji ikaamka. Kwa sababu hiyo hiyo usizungushie sensa ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Ukinzani wa sensa, yaani jinsi inavyozuia umeme, hushuka joto linapopanda, na eathi mbovu huongeza ukinzani, kwa hiyo geji itakuonyesha oili ya baridi wakati injini inaungua. Kinyume chake, waya wa sensa ukichubuka na kugusa bodi, sindano hupiga mwisho wa moto. Sindano ikiruka ghafla hadi 150, kagua waya kabla hujalia.

Sasa namba. Asubuhi sindano hulala chini ya 50 kwa muda mrefu, maana lita zote hizo hazipati moto haraka, hasa Julai. Siikanyagi sana hadi ivuke 60. Thamostati, inayoruhusu oili kwenda kwenye kipoza cha mbele, hufungua kwenye 85 hivi, na barabara ikiwa wazi sindano hutulia kati ya 90 na 95. Waiyaki Way jioni hufika 110 polepole, kisha hushuka nikipata mwendo. Kupanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru nyuma ya malori kuliniogopesha kabla sijakujaribu, kumbe ni 105 tu. Ile sindano ya asili wakati huo huwa imepita katikati kwa kiasi cha kukunyima raha. Joto hilo nalisoma pamoja na presha. Oili ya 20W-50 ikiwa moto, presha ikishuka gari likiwa limesimama ni kawaida. Isipopanda unapokanyaga, simama.

Lawama zangu ni ndogo. Taa yake ni kali kuliko za geji nyingine na usiku inajionyesha kama mgeni. Saa nane mchana kioo hurudisha jua, nikalazimika kuinamisha kibano chake. Pia, kwa kuwa inapima oili mahali tofauti na sensa ya asili, usitegemee sindano mbili zikubaliane kabisa.

Jihadhari zaidi dukani. Muuzaji wa kwanza alinipa geji ya 150 na sensa ya 120, yaani ya geji inayoishia nyuzi 120, akisema “zote ni VDO, boss.” Hazilingani. Sensa ya 120 kwenye geji hii itasoma juu kuliko ukweli, nawe utanunua vipoza usivyovihitaji. Sensa ya 150 hutoa takriban ohm 320 kwenye nyuzi 50 na kama ohm 19 kwenye nyuzi 150, basi nenda na maltimita (kipima umeme) uipime. Geji na sensa pamoja havikunigharimu bei ya tairi moja la gari hili, na feni ya kipoza cha mbele niliyokuwa nimepanga kuagiza sijaiagiza.