Magna Carta ya Salisbury: nenda uione, na usiende na haraka

Ukiwa Uingereza na mambo ya katiba yanakugusa, panda treni pale Waterloo, London, uende Salisbury. Ni mwendo wa kama saa moja na nusu. Magna Carta ni hati ya haki ambayo Mfalme John wa Uingereza aliikubali mwaka 1215 alipobanwa na makabaila wake. Nakala za mwaka huo zilizobaki ni nne tu, na ya Salisbury husifiwa kuwa ndiyo iliyohifadhika vizuri kuliko zote.

Imewekwa katika ukumbi wa pembe nane wa kanisa kuu, mahali penye giza kwa sababu mwanga hula wino. Macho yakishazoea, unaona kipande kimoja cha ngozi kilichojaa Kilatini juu hadi chini, herufi ndogo zimebanana, maneno yamekatwa ili yaenee. Namba za vifungu hazimo. Hizo ziliwekwa na wasomi baadaye. Sahihi ya Mfalme John nayo usiitafute, maana hati hii ilipigwa muhuri tu.

Mimi ni karani wa wakili Mombasa. Kifungu cha 39 kilinishika pale pale: mtu huru asikamatwe wala asifungwe ila kwa hukumu halali ya wenzake au kwa sheria ya nchi. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, na kazi yangu kila wiki ni kuhangaikia saa hizo. Kuiona asili yake kwa macho kulinitoa machozi.

Waulize wanaojitolea kuwaongoza wageni, hasa kuhusu hayo maneno "mtu huru". Wakulima wengi wa Uingereza wakati ule walikuwa watwana wa makabaila, kwa hiyo kinga hiyo haikuwafikia. Makabaila walichokuwa wakigombania kwanza ni kodi za vita, mjane asilazimishwe kuolewa tena, hata mitego ya samaki iondolewe mto Thames. Papa Innocent III aliibatilisha hati hiyo Agosti mwaka huohuo wa 1215. Iliyoiokoa ni kifo cha John mwaka 1216: walezi wa mwanawe mdogo, Henry III, waliitoa upya wapate kuungwa mkono.

Kiingilio si kidogo, lakini kinalipa. Tenga nusu siku, na uulize mapema kama ukumbi uko wazi siku hiyo.