Ovahoo ya Land Rover ya mwaka 1967: kazi safi ya mashine, na rangi isiyostahili kuwa ndani ya injini

Mwaka jana nilipeleka injini ya Land Rover Series IIA, gari alilotuachia marehemu baba, kwenye gereji moja ya Dar es Salaam inayoaminika kwa magari ya zamani, ifanyiwe ovahoo, yaani ibomolewe yote, itengenezwe na kufungwa upya. Ni injini ya petroli ya silinda nne, yenye sentimita za ujazo 2,286, bloku na hedi zote zikiwa za chuma cha kusubu, na krenki yake, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, hukalia beringi kubwa tatu tu. Gereji yenyewe sitaitaja, kwa sababu jambo linalonisukuma kuandika ni desturi ya kupaka rangi viungo vya ndani vya injini, ambayo nimeikuta kwa mafundi zaidi ya mmoja.

Kazi ya mashine naisifu bila kusita. Silinda zilichongwa zikawekewa pistoni za saizi inayofuata, krenki ikasagwa, viti vya vali vikakatwa upya, na kila kipimo nikapewa kwenye karatasi, kuanzia silinda ya kwanza hadi ya nne. Viungo vilivyotolewa nilirudishiwa vyote ndani ya boksi, kila kimoja kikiwa na kibandiko chake. Mteja anayepewa vyuma vyake vya zamani avikague mwenyewe hana sababu ya kushuku kwamba amedanganywa.

Kabla ya kufunga, fundi mkuu alinitumia picha kwenye simu. Ndani ya bloku, chumba cha tapeti (vyuma vinavyosukuma vali), kifuniko cha cheni ya taimingi, upande wa ndani wa sampu (bakuli la oili chini ya injini) na hata konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, vilikuwa vimepakwa rangi nyekundu inayong'aa. Hakuwa ameniuliza. Nilipompigia simu alinieleza kwa upole kwamba rangi huziba vitundu vya chuma ili mchanga wa kiwandani usitoke, huifanya oili iteremke haraka kurudi kwenye sampu, na huzuia kutu. Zilikuwa hoja zenye sura ya ukweli, nami nikakubali, jambo ambalo leo nisingelifanya.

Hoja ya mchanga ina mantiki kwa bloku mpya, kwa kuwa chuma cha kusubu humiminwa kwenye kalibu ya mchanga na chembe zake zinaweza kubaki kwenye pembe za ndani. Lakini bloku iliyooshwa na oili ya moto kwa zaidi ya miaka hamsini haina tena mchanga wa kuogopwa. Hoja ya kuteremka kwa oili inazihusu injini za mashindano zinazozunguka kwa kasi kubwa mno, ilhali hii yetu hufikia nguvu yake ya juu kwenye mizunguko 4,250 kwa dakika, na matundu yake ya kurudishia oili ni mapana ya kutosha. Ya kutu ndiyo yenye uzito kidogo, hasa kwa sisi tunaoishi karibu na bahari na kuyaacha magari haya yamesimama miezi mingi. Hata hivyo, injini inayowashwa mara kwa mara ikapata moto sawasawa hujipaka oili yenyewe kila mahali.

Ipo rangi iliyotengenezewa mazingira magumu ya namna hii. Wajenzi wa injini wa Marekani hupenda Glyptal, enameli nyekundu iliyoanzia kwa kampuni ya General Electric, ambayo jina lake limeunganishwa kutokana na gliseroli na asidi ya ftaliki, na ambayo kazi yake ya asili ni kukinga koili za mota za umeme. Gereji yangu haikutumia hiyo. Ilitumia rangi ya kopo la kupulizia inayouzwa kwa ajili ya kupaka injini kwa nje, na fundi alikiri baadaye kwamba bloku ilifutwa kwa tina (kiyeyusha rangi) na kitambaa tu. Hapo ndipo kosa lilipo. Chuma cha kusubu hunyonya oili. Kisipochemshwa kwenye soda kostiki, kikasuguliwa, kikaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, kisha kikapashwa moto hadi kitokwe na oili iliyojificha, hakuna rangi itakayokishika, hata iwe ya bei gani.

Nilikuwa nimefunga geji ya shinikizo la oili, kwa kuwa Series IIA ilitoka kiwandani na taa ya onyo tu. Kitabu cha ufundi kinataka paundi 35 hadi 65 kwa inchi ya mraba, injini ikiwa moto, gari likienda maili 30 kwa saa kwenye gia ya nne. Nilianza na 50. Baada ya kilomita 1,100, nikipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, mshale ulishuka hadi 15 na taa ikaanza kupepesa kabla sijafika Soni. Nilizima injini papo hapo na gari likavutwa kurudi Mombo.

Sampu ilipofunguliwa, wavu wa chujio la pampu ulikuwa umefunikwa na magamba mekundu mepesi kama maganda ya kitunguu. Kipande kimoja kilikuwa kimekalia kigololi cha vali inayodhibiti shinikizo la oili kisiweze kufunga. Filta ya oili isingeweza kusaidia, kwa sababu imewekwa baada ya pampu, na injini ilikuwa ikinyimwa oili kabla haijafika huko. Kilichonisikitisha zaidi ni rangi niliyoikuta kwenye maungio ya vikombe vya beringi za krenki, mahali ambapo nafasi hupimwa kwa sehemu za mia za milimita. Konrodi nazo hazikupaswa kuguswa kabisa: hujipinda na kujinyoosha kila mzunguko, na rangi juu yake humficha fundi wa kesho ufa ambao angeuona kwa macho.

Gereji ilipokea gari bila ubishi. Walibomoa injini upya, wakaichemsha bloku, wakasafisha njia zote za oili kwa brashi na upepo, na hawakunitoza ufundi. Beringi na gasketi nilinunua mimi, na hilo naona halikuwa haki.

Kwa kuchonga, kusaga na kupima, ningewapa alama tisa kwa kumi na ningewarudia. Kwa usafi wa bloku na kwa kuamua bila kumuuliza mwenye gari, siwapi zaidi ya tatu. Anayetaka kupeleka kwao injini ya aina hii aandike kwenye karatasi ya kazi, kabla ya kulipa malipo ya kwanza, kwamba ndani ibaki chuma kitupu kilichooshwa na kupakwa oili, na aombe kuikagua bloku kwa tochi kabla krenki haijalazwa.

Juzi, baada ya kilomita 1,000 nyingine, nilifungua sampu mwenyewe. Geji inasoma 52 injini ikiwa moto, na wavu wa chujio niliuinua juani nikaona mwanga ukipita kwenye kila tundu.