Jimny ya milango mitano na Fronx: Dar hadi Mtae kwa injini ileile

Nianze na hukumu, mwenye haraka asisumbuke: kutoka Dar hadi Lushoto, Suzuki Fronx inaishinda Suzuki Jimny ya milango mitano bila ubishi. Kutoka Lushoto kwenda Mtae, kule milimani Usambara, mvua ikiwa imenyesha, mambo yanageuka kichwa chini miguu juu. Nayasema haya baada ya kuyaendesha yote mawili katika safari moja, mimi na shemeji tukibadilishana funguo njiani, tukimrudisha mama yake, yaani mkwe wangu, nyumbani kwake Mtae.

Jimny ni ya shemeji, mpya kabisa, nailoni za viti bado hajazibandua na sidhani kama ana mpango huo. Fronx ni ya ofisini kwetu, nayo ya juzi tu, nikakubaliwa kuichukua kwa sharti la kujaza mafuta kwa pesa yangu.

Yote mawili yanatengenezwa India, na hapo ndipo maneno yanapoanzia. Sisi tumezoea magari yaliyotumika Japani, kwa hiyo ukitaja India lazima atokee mtu wa kukunja uso. Mimi huwa nawakumbusha jambo moja. Mwaka 2025 Suzuki walipoanza kuiuza hii Jimny ndefu huko Japani kwenyewe, kwa jina la Jimny Nomade, oda zilifika kama 50,000 ndani ya siku chache wakalazimika kusitisha kupokea nyingine. Na magari hayo Wajapani wanapelekewa kutoka India. Fronx nayo Toyota wanaiuza Afrika kwa jina la Starlet Cross, nembo na vitu vidogo vya nje tu ndivyo tofauti.

Kilichonifanya nitake kuyalinganisha ni kwamba haya yetu yana injini moja, ile ya cc 1,500 isiyo na tabo (kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), na yote ni otomatiki ya gia nne. Ukisoma makaratasi tu utadhani ni ndugu. Ukishika usukani unagundua hata ujirani hawana. Jimny imejengwa juu ya chesisi, yaani fremu ya chuma iliyo peke yake, na ekseli zake za mbele na nyuma ni nzimanzima kama za magari ya kazi. Fronx ni gari dogo la kawaida la mjini lililonyanyuliwa kidogo, bodi na sakafu kitu kimoja, matairi ya mbele pekee ndiyo yanayovuta. Na ni jepesi kuliko Jimny kwa zaidi ya kilo 100.

Hadi Chalinze foleni ilitutawala sote sawasawa, hapo hakuna cha kulinganisha. Ni baada ya Chalinze, barabara ikifunguka kuelekea Wami, ndipo nilipoanza kuelewa. Nikiwa kwenye Jimny, ukikaa mwendo wa 100 mshale wa mizunguko ya injini unapita 3,000 kwa dakika na injini inasikika mle ndani muda wote. Ukitaka kuovateki semi, unakanyaga, gia inashuka, kelele inapanda, halafu unasubiri. Basi likikupita kwa upande wa pili, upepo wake unaisukuma Jimny, inabidi uurekebishe usukani kidogo, na usukani wenyewe una ulegevu katikati. Si wa hatari, ila haukuachii ukae kizembe. Mama, aliyekuwa kiti cha nyuma, alivumilia hadi tunakaribia Mkata, akasema, "Mwanangu, hili gari mbona linapiga kelele nyingi halafu haliendi?" Shemeji hakuwepo kusikia, alikuwa mbele yetu na Fronx.

Tulibadilishana Michungwani, penye wauza machungwa. Mama akahamia Fronx pamoja nami, na kabla hatujafika Korogwe alikuwa amelala. Kwenye rasta za kuingilia vijijini Jimny inatikisa kila kitu kilichomo, hadi funguo kwenye kishikio cha vikombe, wakati Fronx inapita na mtetemo mdogo tu wa miguuni. Kuovateki nako kumerahisika: injini ileile, gia nne zilezile, lakini mzigo wa kuvuta ni mdogo na gari halipambani na upepo. Raha hiyo ina hatari yake, maana mwendo unapanda bila kuhisi, na vibao vya 50 njia ile viko vingi na tochi za trafiki za kupima mwendo zipo. Kwenye Jimny huhitaji tochi, masikio yako yanatosha.

Kona za Mombo kwenda Lushoto ndizo zilizonipendeza kuliko zote. Ni kilomita thelathini na ushee za lami nyembamba, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande mwingine, na Fuso linaweza kutokea kwenye kona yoyote likiwa na kabichi hadi juu. Fronx inazikata kona hizo ikiwa imetulia. Jimny, shemeji anavyosema na mimi nimethibitisha wakati wa kurudi, inalala ubavu, unajikuta unapunguza mwendo hata pasipo na sababu. Ushauri kwa wote wawili: mkishuka, wekeni gia kwenye 2, msishuke na breki tupu.

Pale Soni tulinunua plamzi, na hapo nikaona suala la mizigo kwa macho. Mlango wa nyuma wa Jimny unafunguka kwa pembeni ukiwa umebeba tairi la spea, kwa hiyo ukiegesha umembana mtu nyuma, hufungui. Ndani, viti vikiwa vimesimama, ndoo moja ya lita ishirini na begi la mama, basi, buti limejaa. Kwenye Fronx tuliweka mchele, mabegi mawili na kreti ya soda, na bado nafasi ya plamzi ikapatikana.

Sasa nifike kwenye sababu ya watu kununua Jimny. Usiku ule mvua ilinyesha Lushoto. Asubuhi tukaanza safari ya Mtae na magari yote mawili, njia ya udongo mwekundu ukiloa unateleza kama sabuni. Fronx ilijitahidi kuliko nilivyotarajia, hadi kwenye mpando mmoja wenye makorongo katikati. Matairi ya mbele yakazunguka palepale, kwa sababu ukipanda mlima uzito mwingi unarudi nyuma na mbele kunabaki kwepesi. Nikarudi kinyumenyume, tukaiacha nyumbani kwa ndugu wa mama.

Jimny ina mkono wa pili kando ya gia. Ukifika penye utelezi unauweka kwenye 4H, matairi yote manne yavute, hata gari likitembea. Kwa 4L, yaani yote manne kwa gia nzito ya mwendo wa polepole, unasimama, unaweka gia kwenye N, unaukandamiza na kuuvuta, taa inawaka kwenye dashibodi, na kuanzia hapo lile gari lililolalamika tangu Chalinze linanyamaza na kufanya kazi. Tairi moja lilining'inia hewani juu ya korongo, nikasikia mlio wa krrr, ni breki zinalikamata lenyewe ili nguvu iende kwenye tairi lililokanyaga. Nilikuwa nimegusa mafuta kidogo tu. Tukapanda. Kwenye mteremko wa upande wa pili nikabonyeza kitufe cha kuteremkia, nikaondoa mguu kwenye pedali zote, likashuka taratibu lenyewe. Mama akasema, "Ahaa."

Lakini kuna neno ambalo wauzaji hawalitangulizi: Jimny hii, pamoja na milango yake mitano, ni ya watu wanne. Mikanda ni minne. Sisi tulikuwa watano, na mtoto wangu hakai mapajani kwenye njia kama ile. Mwenye gari akapanda bodaboda, tukamkuta Mtae amefika zamani, anakunywa chai.

Mafuta: tulijaza sheli moja siku ya kurudi, na Fronx ilikuwa inanipa kama kilomita 16 kwa lita, Jimny karibu 12. Tangi zote ni ndogo, ya Fronx lita 37 na ya Jimny 40, kwa hiyo usivuke Segera mshale ukiwa chini.

Ofisini wameniuliza tuongeze ipi. Nimewaandikia waongeze Fronx kwa wanaozunguka kwenye lami, na kwa maofisa wetu wa vijijini Jimny moja, ya gia za mkono, yenye keria juu. Na wasipange watu watano kwenye ratiba.