Uzoefu wangu na tiketi ya msimu: unalipa kwanza, timu utaambiwa baadaye

Nyota mbili kati ya tano. Ya kwanza ni ya wachezaji, ambao hukimbia hadi dakika ya 80 hata tukiwa tumeachwa pointi 40. Ya pili ni ya akina mama na wazee wanaojitolea kwenye mageti na duka la jezi bila kulipwa senti. Uongozi sijaupa hata nusu.

Nazungumzia tiketi ya msimu ya klabu moja ya raga ya ligi, ile ya wachezaji 13 kila upande, hapa West Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Jina la klabu sitalitaja. Nimeishabikia tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mabegani, na tiketi nimekuwa nikiikata kila mwaka tangu nilipoanza kujitafutia riziki, kwa hiyo siandiki kama mpita njia.

Kufungwa tumekuzoea. Kinachoniuma ni namna tiketi hii inavyouzwa. Barua pepe ya kukuhimiza ulipie msimu ujao huja huu wa sasa haujaisha. Ukiwahi unapunguziwa, ukichelewa bei inapanda. Safari hii ilipofika, kocha alikuwa ametimuliwa siku chache nyuma na timu iko mikononi mwa msaidizi wake. Mkataba wa nahodha ulikuwa ukingoni. Fowadi wetu tegemeo alikuwa akitajwa kila kukicha kwamba anahama. Nikaandika kuuliza mambo mawili tu: nani atakuwa kocha, na je, nahodha anabaki? Nikajibiwa kwa barua ya kunishukuru kwa uaminifu wangu, chini yake kitufe chekundu cha kulipia.

Nikalipa, kwa sababu bei ilikuwa inapanda usiku ule. Novemba, hela zetu zikiwa zimeshaingia, ndipo tukaambiwa: nahodha ameondoka, fowadi ameuzwa. Taarifa iliwekwa Ijumaa usiku, sentensi tatu, bila hata neno la kumuaga mtu aliyeivujia damu jezi yetu. Huku ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na muuzaji anajua fika kwamba gunia lina nini.

Asili ya mchezo huu ndiyo inayonizidishia uchungu. Mwaka 1895 klabu za kaskazini zilikutana katika hoteli ya George, Huddersfield, zikajitenga na chama cha raga, kwa sababu chama kilikataa wachezaji wafidiwe ujira waliokatwa kila walipoacha migodi na viwanda kwenda kucheza. Yaani mchezo wenyewe ulizaliwa kwa kutetea mshahara wa mfanyakazi. Baba yangu alitoka Mombasa akapata kazi ya zamu kwenye kiwanda cha sufu. Wenzake wa kiwandani ndio waliompeleka uwanjani mara ya kwanza, na tiketi zetu alizinunua kwa pesa ya zamu za usiku. Jukwaani kwetu watu wa namna hiyo bado wamejaa: madereva wa basi, wahudumu wa hospitali, wapishi wa shule. Kuwachukulia hela kabla ya kuwaambia wananunua nini ni kwenda kinyume kabisa na jambo lililoianzisha raga ya ligi.

Ukiuliza, jibu ni moja tu: alama. Tangu msimu wa 2025, nafasi ya kucheza Super League, ligi ya juu kabisa ya mchezo huu, haiamuliwi tena na msimamo wa ligi peke yake. Kila klabu inapimwa kwa alama 20, zinazoangalia mahudhurio na wafuasi wa mitandaoni, fedha, uwanja, matokeo na eneo inakotoka. Ukifikisha 15 uko daraja A, yaani nafasi yako Super League ni ya uhakika. Mpango wenyewe siupingi. Klabu nyingi zimekuwa zikiishi kwa mfuko wa tajiri mmoja, na kuzibana zitengeneze mahesabu yao ni haki. Lakini uongozi wetu umekamata yale yanayopendeza kwenye picha tu. Skrini kubwa ina alama zake, ikanunuliwa. Wafuasi wa mitandaoni wana alama zao, wakaajiriwa vijana wa kutengeneza video. Paa la jukwaa la mashariki linavuja pale pale, na choo cha wanawake upande ule kina mlango usiofunga. Mke wangu na jirani yetu wa kiti cha pili hupokezana kuushikilia kwa nje.

Halafu wakafuta kadi na kuhamishia tiketi zote kwenye simu. Mechi ya kwanza ya nyumbani mtandao ukalemewa. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja, ameshika kikaratasi alichoandikiwa neno la siri na mjukuu wake, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Februari. Kila akiingiza herufi, simu inamrudisha mwanzo. Nyuma yetu watu wanasikia timu imeshaanza kucheza. Mama wa getini, anayemjua mzee yule miaka na miaka, akamfungulia kwa mkono, akamwambia, "Pita, baba." Baadaye mama huyo aliitwa ofisini akaonywa. Mzee hakuombwa radhi na yeyote.

Akademi ilikuwa fahari yetu. Vijana wa mitaa hii walikuwa wakipanda hadi kikosi cha kwanza, na ukimwona mtoto wa jirani anafunga trai, lile bao la raga, unapiga kelele hadi sauti inakauka. Siku hizi basi la kuwapeleka vijana kwenye mechi za ugenini wazazi ndio wanaolichangia. Kijana wetu bora kabisa, mwenye kasi ambayo sijaiona hapa kwa muda mrefu, aliuzwa kwa klabu kubwa kabla hajacheza hata msimu mmoja mzima, na pesa zake hatujaambiwa zimekwenda wapi.

Tuliuliza. Kwenye kikao cha mashabiki, mama mmoja alisimama akataka kujua klabu inadaiwa kiasi gani na inadaiwa na nani. Mtendaji mkuu akasema hiyo ni siri ya biashara, kisha akaendelea na picha za jezi mpya.

Hofu yetu ina msingi. Bradford Bulls walikuwa mabingwa wa Super League mara nne, 1997, 2001, 2003 na 2005. Januari 2017 kampuni yao ikafilisiwa, klabu ikaanza upya ikiwa na pointi 12 pungufu na ikashuka hadi daraja la tatu. Klabu ya Salford ilicheza fainali ya Super League kwenye uwanja wa Old Trafford mwaka 2019. Mwaka 2025, wakiwa wamebanwa matumizi ya mishahara kwa sababu ya hali yao ya fedha, walifungua msimu na kikosi cha vijana wakapigwa 82–0 na St Helens. Mashabiki wa klabu zile nao walikuwa na tiketi zao mfukoni. Kwa hiyo mama anapouliza deni, anauliza kama timu itakuwepo Septemba.

Kama unafikiria kununua tiketi ya klabu hii, ushauri wangu ni huu. Usikubali kuharakishwa na bei ya mapema. Subiri kocha atajwe na kikosi kitangazwe, kisha fanya hesabu. Mechi moja moja ni ghali kidogo, lakini unajua unachokiona. Ukiwa na watoto, wapeleke, maana jukwaa letu ni salama na watu wake ni wakarimu. Keti upande wa magharibi, paa ni zima. Pai za pale ni nzuri, nenda kabla ya mapumziko, foleni ni ndefu.

Mimi msimu ujao nalipa getini, na zile pauni ambazo ningewapa mapema nazipeleka kwenye mfuko wa basi la vijana. Siku watakapoweka wazi deni la klabu na mikataba ya wachezaji kabla ya kutuma ile barua ya kitufe chekundu, nitarudi kukata tiketi ya msimu siku hiyo hiyo na nitabadilisha nyota hizi.