ASUS ROG Zephyrus G14 mikononi mwa mpima ardhi wa Dodoma: uzito, wati na vumbi

Kazi yangu ni kupima ardhi kwa ndege nyuki (droni). Makazi yangu yako Dodoma, lakini sehemu kubwa ya mwezi huwa niko njiani: leo Kondoa, keshokutwa Mpwapwa, wiki inayofuata Manyoni, na katikati ya hayo kuna safari za Dar es Salaam kwa treni ya SGR kwenda kukabidhi kazi. Kompyuta mpakato ninayoihitaji ni ile inayoweza kuunganisha mamia ya picha za angani zikawa ramani moja, na hatua nzito za kazi hiyo huiangukia kadi ya michoro. Ndiyo sababu watu wa fani yetu huishia kununua mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya wacheza michezo ya kompyuta, kwa kuwa ndizo zenye kadi za Nvidia ambazo programu za kuunganisha picha kama Agisoft Metashape na Pix4D hunufaika nazo.

Mashine ninayoieleza hapa ni ASUS ROG Zephyrus G14 ya mwaka 2024, yenye prosesa ya Ryzen 9 8945HS, kadi ya RTX 4070, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 32 na diski ya SSD ya TB 1. Nimezunguka nayo mkoa wa Dodoma na mikoa jirani kwa zaidi ya mwaka mmoja sasa, nami nina maoni thabiti juu yake.

Kabla yake nilikuwa na mashine ya inchi 17 ya kampuni nyingine, niliyoichagua kwa kusoma jina la kadi tu. Pamoja na chaja yake ilikaribia kilo nne. Safari mbili za mwanzo niliibeba. Ya tatu niliiacha nyumbani, nikaenda Kondoa na ndege nyuki, betri zake na kadi za kumbukumbu peke yake, nikijiambia kwamba picha nitaziunganisha nikirudi. Niliporudi nikakuta upande mmoja wa kijiji picha hazikupishana vya kutosha. Katika kazi hii kila picha inapaswa kufunika asilimia 70 hadi 80 ya eneo lililofunikwa na jirani yake. Zikipungukiwa hapo, ramani hutoka na matundu. Nililazimika kurudi Kondoa, zaidi ya kilomita 150 kutoka Dodoma mjini, kwa gharama zangu, kurusha ndege nyuki kwa dakika ishirini tu. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza dukani limekuwa moja: je, hii nitaibeba kweli?

Zephyrus G14 ina uzito wa kilo 1.5 na unene wa sentimita 1.6 hivi. Inaingia kwenye begi la mgongoni pamoja na vifaa vingine bila kunifanya nichague kipi kibaki, na nikiwa juu ya bodaboda kutoka barabara kuu kuelekea kijijini siihisi kama mzigo wa ziada. Ningemshauri kila mnunuzi asiishie kwenye uzito ulioandikwa kwenye sanduku, bali aombe chaja, aiweke pamoja na mashine na kuvinyanyua vyote viwili kwa mkono mmoja. Chaja za wati 300 za mashine kubwa ni tofali lenye uzito wake; hii ya wati 180 ni ndogo zaidi, na inapokea umeme wa volti 100 hadi 240, hivyo haina shida na volti 230 za kwetu wala na za nchi nyingine.

Wauzaji wengi hawaelezi jambo la wati, na nadhani si kwa nia mbaya, bali wao pia wameambiwa kwamba jina la kadi linatosha. Jina halitoshi. RTX 4070 ya kompyuta mpakato inaweza kuwekewa kikomo cha chini au cha juu cha umeme, kulingana na nafasi ya kupoza aliyoiacha mtengenezaji. Katika Zephyrus G14 ya 2024 kikomo hicho ni wati 90, wakati baadhi ya mashine nene zina kadi yenye jina hilo hilo inayofikia wati 140. Kwa hiyo mashine mbili zenye kibandiko kimoja zinaweza kutofautiana wazi katika kazi ya saa nyingi. Ukiwa dukani, omba mashine iwashwe, fungua programu ya mipangilio ya Nvidia na uende kwenye taarifa za mfumo; hapo kiwango cha juu cha umeme wa kadi kimeandikwa. Ni jambo la dakika moja, na linaeleza mengi kuliko taa za rangi za kwenye kibodi.

Mimi nilikubali wati 90 kwa kujua ninachokiacha. Picha 400 za megapikseli 20 kila moja, nikizianza saa mbili usiku katika chumba cha nyumba ya wageni, hunipa ramani ya awali ya ubora wa chini kabla sijalala. Hiyo inatosha kuonyesha matundu yako wapi, na asubuhi, kabla upepo haujaanza kuvuma, narudi kurusha sehemu hiyo. Ramani ya ubora kamili naiacha iendelee usiku kucha Dodoma, ambako saa mbili za ziada hazinidhuru. Mtu ambaye kazi yake yote hufanyika mezani angepaswa kuamua tofauti na mimi.

Kuna jambo la kadi ambalo nalisema kwa mkazo kwa wale wenye bajeti finyu. RTX 4060 na RTX 4070 za kompyuta mpakato zote zina kumbukumbu ya GB 8, na kumbukumbu ya kadi ikijaa, kasi ya 4070 haikusaidii sana. Mashine hii ilipotoka Marekani, ile yenye 4060 na RAM ya GB 16 ilianzia dola 1,600 hivi, na hii yangu dola 2,000 hivi, ambazo ni takribani shilingi milioni 5 kabla ya usafiri na faida ya muuzaji. Tofauti hiyo si ndogo. Hata hivyo sikununua ile ya bei nafuu, na sababu haikuwa kadi bali RAM.

RAM ya Zephyrus G14 imechomelewa kwenye ubao mkuu. Haiongezwi, haibadilishwi. Katika duka moja nililopita kabla ya kununua, kijana mkarimu sana aliniambia nichukue ya GB 16, kisha nitaongeza nyingine nikipata fedha. Ningemsikiliza, ningekwama na mashine isiyofaa kwa kazi yangu, kwa sababu mradi wa picha 400 unaweza kuzidi GB 16 kwa urahisi. Anayenunua mashine ya aina hii anunue RAM atakayoihitaji miaka minne ijayo. Diski ya SSD, kwa bahati nzuri, ni ya kawaida ya M.2 na inabadilishwa, ila nafasi ni moja tu, hivyo picha za miradi iliyokamilika nazihamishia kwenye diski ya nje.

Betri ni ya wati-saa 73. Nikizima kadi ya Nvidia kwa programu ya mashine yenyewe, nikabaki na kadi ndogo iliyomo ndani ya prosesa, naandika ripoti na kusahihisha mipaka ya viwanja kwa saa tano au sita, ambazo ni zaidi ya safari ya treni kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam. Lakini asikudanganye mtu kwamba utaunganisha picha au kucheza mchezo mzito kwa betri. Hesabu inajieleza: kadi peke yake ikila wati 90, betri ya wati-saa 73 haifiki hata saa moja, na ndiyo maana mashine zote za aina hii hupunguza nguvu mara tu unapochomoa waya. Umeme ukikatika usiku kazi yangu haipotei. Inaendelea kwa mwendo wa pole, nami napata muda wa kuhifadhi kila kitu na kuzima kwa utaratibu.

Kilichonifaa zaidi porini ni kwamba mashine hii huchajiwa pia kwa USB-C hadi wati 100. Tundu la sigara la gari la volti 12 kwa kawaida lina fyuzi ya ampea 10 au 15, yaani wati 120 hadi 180, na ukichomeka inveta kisha chaja ya wati 180 juu yake, uko ukingoni mwa kuunguza fyuzi. Chaja ndogo ya gari ya USB-C yenye wati 65 inatosha kabisa kuijaza betri tukiwa njiani kati ya Chemba na Kondoa. Kwa wanaopanda ndege: kikomo cha kawaida cha betri bila kuomba idhini ya shirika la ndege ni wati-saa 100, hivyo hii inapita, na pawabenki isizidi takribani mAh 27,000 na ibaki kwenye begi la mkononi.

Skrini ni ya OLED ya inchi 14 yenye pikseli 2,880 kwa 1,800, na ndani ya chumba sijawahi kutumia iliyo nzuri kuliko hii. Mpaka kati ya shamba lililolimwa na lililolala unauona bila kukaza macho. Kioo chake kinang'aa, kwa hiyo chini ya jua la Dodoma la mwezi Oktoba hujiona mwenyewe kuliko ramani. Mtendaji wa kijiji na wazee wakitaka kuona picha za mashamba yao, tunaingia ofisini au tunakaa ndani ya gari. Kwa kuwa OLED huweza kubaki na alama za vitu visivyosogea, nimeficha upau wa chini na kuweka skrini izimike baada ya dakika tano. Namshukuru pia aliyeweka tundu la kadi ya microSD, maana ndege nyuki nyingi hutumia kadi hizo na kisoma-kadi cha nje ni kitu cha kupotea kwenye vumbi.

Vumbi lenyewe ndilo adui mkubwa wa kompyuta katika ukanda huu. Kuanzia Juni hadi mvua zinaponyesha, upepo wa Dodoma hubeba vumbi jepesi linaloingia hata kwenye zipu iliyofungwa. Mashine nyembamba hutegemea feni ndogo zinazozunguka kwa kasi, na matundu yakiziba, joto hupanda na kadi hujipunguzia nguvu yenyewe. Kila baada ya miezi mitatu mfuniko wa chini hufunguliwa na feni kusafishwa kwa brashi laini, feni ikiwa imeshikwa isizunguke. Mfuniko tu. Prosesa ya mashine hii imepakwa metali ya majimaji badala ya mafuta ya kawaida ya kupitisha joto, na metali hiyo hupitisha umeme. Fundi asiyeijua akiing'oa sehemu ya kupozea, tone moja likidondoka kwenye ubao linaweza kuua kila kitu. Mweleze fundi wako jambo hili kabla hajashika bisibisi, hata kama mmefahamiana miaka mingi.

Niliilinganisha na mashine mbili nyingine kabla ya kuamua. Razer Blade 14 ya 2023 na 2024 ina RAM inayobadilishwa na kadi inayofikia wati 140, nayo ni kilo 1.84, ningeichukua laiti bei yake isingekuwa juu zaidi ya uwezo wangu. Lenovo Legion Pro 5 ya inchi 16 ina nafasi mbili za RAM, upoaji mzuri na nguvu nyingi kwa fedha yake, lakini ni kilo 2.5 hivi bila chaja. Mwenzangu anayefanya kazi ofisini Mtumba, kwenye mji wa serikali hapa Dodoma, asiyesafiri zaidi ya mara mbili kwa mwaka, nilimshauri achukue hiyo na hajajuta. Kwa anayeanza kutafuta leo, kuna kadi za mfululizo wa RTX 50 zilizotoka 2025, na kwa kazi kama yangu ningeanza kuangalia RTX 5070 Ti, kwa kuwa ina kumbukumbu ya GB 12, wakati 5070 ya kawaida imebaki na 8.

Ukinunua iliyotumika kutoka Dubai, kama wengi wetu tunavyofanya, fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, na usome uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Muuzaji hawezi kubishana na namba hizo. Dai risiti ya EFD (ya mashine ya kielektroniki ya kodi), na ingiza namba ya mashine kwenye tovuti ya mtengenezaji uone waranti inatambulika nchi gani, kwani mashine nyingi zinazofika kwetu zina waranti ya nchi zilikotoka.

Mwezi uliopita nilikuwa tena katika kijiji kile cha Kondoa, kwa kazi nyingine. Saa nne usiku ramani ya awali ikaonyesha tundu upande wa korongo, ambako miti mirefu ilichanganya picha. Saa moja asubuhi ndege nyuki ilikuwa hewani, na kufikia saa tano tulikuwa tumekwisha funga vifaa, tukaanza safari ya kurudi Dodoma.